Fundi wa Kuazima

Zawadi, na ninyi wenzako mnaoanza kuvaa gambuti za ofisi ya maji,

Jumamosi ulipokuja hapa kwangu Ruhuwiko kuniaga, ulisema umeazimwa kwenda Madaba. Mradi wa kule una mafundi wachache, utakaa miezi kadhaa, kisha utarudi. Ulisema huku unacheka, maana kwa kijana safari ya kikazi ni jambo la kuchekea. Nikakumiminia chai, nikakuuliza habari za mama yako, nikakusindikiza mpaka barabarani. Uliheshimu kimya changu ukidhani ni cha msiba. Msiba ulikuwepo kweli. Nilikuwa nimerudi wiki ile ile kutoka Tunduru kumzika Ausi. Lakini kilichonifunga mdomo ni lile neno ulilolitaja. Nililiona likimla mtu taratibu, kama kutu inavyolila bomba la chuma kwa ndani, nje rangi bado inang'aa.

Mimi ni mtu wa darasa la saba, kwa hiyo msitafute hapa vifungu vya sheria. Nitaeleza niliyoyaona.

Ausi alikuwa Myao wa Tunduru, mtoto wa wakulima wa korosho, mtu wa swala tano. Aliajiriwa kuwa fundi bomba na ofisi moja ya serikali katika wilaya nyingine. Siitaji jina ofisi hiyo, wala yetu ya hapa Songea sitaisema zaidi ya hapo, maana waliohusika wengine wamestaafu, wengine wamekufa, na sikumwona hata mmoja wao aliyekuwa mwovu. Hilo ndilo lililofanya jambo liwe gumu. Ukimpata mwovu unajua pa kupiga nyundo.

Alikuja kwetu kwa miezi kadhaa, kama wewe. Tulikuwa tunang'oa mabomba ya zamani ya chuma, na kazi ilitushinda, ndipo meneja wetu akaomba fundi wa kuazima. Siku alipoingia karakana nilimkaribisha kama Mngoni anavyomkaribisha mtani wake. Nilisema mateka wa babu yangu amejileta mwenyewe. Akanitazama kuanzia gambuti mpaka kofia, akasema, "Babu yako alinishika akiwa na akili zake. Wewe unanukia komoni saa mbili asubuhi."

Karakana nzima ilicheka, na mimi nikaacha kunywa siku za kazi. Tangu hapo hatukuachana.

Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza. Ninyi leo mna mashine, mnavaa vidude masikioni, mnasogeza kitu kama sahani juu ya barabara na namba zinajiandika. Ni chombo kizuri, msikidharau. Sisi tulikuwa na nondo. Unakwenda alfajiri, watu hawajafungua mabomba yao, unaweka ncha moja ya nondo juu ya bomba au kwenye valvu, ncha nyingine unaibana kwenye mfupa nyuma ya sikio. Bomba zima hunyamaza. Bomba linalovuja hunong'ona kama mtu anayesema huku meno ameyafunga. Ukikaribia, mnong'ono unakuwa mkali. Ukipita, unalegea. Kazi yote ni uvumilivu, na kutojali watu wanaokuona umepiga magoti barabarani unasikiliza ardhi kama mganga.

Kabla sijajua hayo, niliwahi kutumwa Bombambili, maji yalikuwa yanabubujika mbele ya geti la mama mmoja. Nilichimba pale pale yalipotokea. Sikuona tundu. Nikapanua. Nikazidi kupanua mpaka ukuta wa uzio wake ukaanza kuinama, naye akatoka na mchi mkononi akaniuliza kama nimetumwa kutengeneza bomba au kubomoa mji wake. Ausi alikuja, akapiga magoti, akasikiliza, akasogea kuelekea mlimani, akasikiliza tena, akazidi kupanda. Mwisho akasimama mbali kabisa, nyuma ya nyumba ya jirani, akaniambia nichimbe hapo. Tundu lilikuwepo, kwenye maungio.

"Maji hutokea yanapopata njia, Gama," alisema. "Hayatokei yanapoumia."

Niliyashika maneno hayo kama somo la mabomba. Sikujua kama yana somo jingine.

Miezi ikaisha, Ausi akabaki. Kila alipoomba kurudi kwao, meneja wetu aliandika kwamba bado anahitajika, na alisema kweli. Huko alikotoka, nafasi yake ilikuwa imeshajazwa na mtu mwingine, kwa hiyo hawakuwa na haraka naye. Alihamisha familia. Mkewe, Mama Mwajuma, akaanza kuuza vitumbua Mfaranyaki. Watoto wakajifunza matusi ya Kingoni. Uzuri wa kazi yake ndio uliomfunga hapa.

Sasa nisikilize vizuri, Zawadi, maana hapa ndipo bomba linapovuja. Mtumishi wa serikali hapandi daraja kwa sababu amezeeka kazini. Lazima mkubwa wake ampime kazi yake kila mwaka, na lazima mwajiri wake awe na nafasi kwenye ikama, yaani ile idadi ya watumishi wa kila cheo aliyoruhusiwa. Ausi alipouliza kwetu, aliambiwa yeye yuko kwenye ikama ya wenzetu, waulize wao. Alipouliza kwao, aliambiwa kazi yake hawaioni, iko Songea, itapimwaje? Kila mmoja alisema kweli. Katikati ya kweli hizo mbili mtu akakaa kwenye daraja alilokuja nalo, huku vijana aliowafundisha wakimpita.

Mafundi walimtania kwamba yeye ndiye Bombambili halisi, ana bomba mbili na ndoo haijai. Alicheka nao. Nami nilicheka, mpaka siku jina langu lilipotangazwa.

Tuliitwa uwanjani, meneja akasoma waliopanda, nami nikawa fundi mkuu. Watu walipiga makofi, kisha makofi yakapungua upande mmoja, kwa sababu waliokuwa karibu na Ausi walikuwa wanamtazama yeye. Aliyenifundisha kushika nondo sasa angepokea amri kwangu. Akaja, akanipa mkono.

"Haya, Mngoni, leo babu yako amefurahi kaburini. Usininyime chai tu."

Kisha akaenda bombani kunawa mikono, na akanawa muda mrefu sana mikono iliyokuwa safi.

Baada ya hapo alibadilika kidogo, kidogo ambacho mgeni asingekiona. Aliacha kuamua. Kulikuwa na sababu. Kabla sijapanda cheo, aliwahi kufunga valvu kwa akili yake mwenyewe kuokoa maji, na msaidizi wa meneja akamwambia mbele ya watu, "Wewe wa kuazima, subiri wenye ofisi waamue." Tangu siku ile alisubiri wenye ofisi.

Nilijua maana ya kusubiri huko siku bomba kubwa linaloshuka kutoka Matogoro lilipopasuka. Ilikuwa mchana, mji mzima mkavu, simu ya meneja haikutulia. Palipopasuka mabomba mawili yalipita kwenye shimo moja, la zamani na jipya, kila moja na valvu yake, na maji ya tope yalikuwa yamefunika yote mawili. Ausi alishuka. Alikuwa ameyalaza mabomba yale kwa mikono yake miaka ya nyuma, mimi nikiwa kazi nyingine Madaba. Maji yalimfika kiunoni. Akapapasa chini, akashika, kisha akainua uso kunitazama.

"Mkuu, nifunge ipi?"

Sikujua. Ungefunga ile isiyohusika, nguvu yote ingehamia kwenye tundu, na udongo wa shimo ulikuwa umeshaanza kumeguka nyuma ya mgongo wake. Msaidizi wa meneja alikuwa amesimama pembeni yangu, mikono mfukoni.

"Wewe ungefunga ipi?" nikamuuliza.

"Mimi ni wa kuazima."

"Ausi, udongo unashuka."

Alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtu, si kwa hasira, bali kama mtu anayengoja kuona mwenzake ataishia wapi. Donge la udongo likaanguka majini, maji yakampanda kifuani.

"Ya kushoto," akasema.

"Funga ya kushoto," nikasema kwa sauti, ili wote wasikie imetoka kwangu.

Akazama mpaka kidevu, akaizungusha. Mngurumo ukapungua, ukawa mnong'ono, ukaisha. Tulimvuta kwa kamba. Upande aliokuwa amesimama ulibomoka tukiwa bado tunamfuta tope usoni.

Jioni, tukifunga vifaa, aliniambia nisimuulize tena mbele za watu. Nikamwambia maisha yake yalikuwa mle shimoni, ningefanyaje? Akajibu, "Ukiniuliza mbele yao, wewe unapungua na mimi siongezeki."

Neno hilo lilinikosesha raha kwa muda mrefu. Nilianza kumchukia meneja. Nilikuwa nachimba pale maji yalipotokea, kama kule Bombambili. Meneja alikuwa mtu mwema, aliyempa Ausi ruhusa ya swala bila kuombwa mara mbili na aliyemwuguzia mtoto. Kama ningekuwa na akili ya nondo, ningepanda juu kidogo nikasikilize maungio.

Nafasi ya kusikiliza ilikuja mwaka wa mwisho wa Ausi kazini. Kila mtu alijua kwamba asipopanda mwaka ule atastaafu na daraja la kijana aliyeanza kazi jana. Meneja alikuwa anataka kuazima mafundi wengine kutoka ofisi ile ile iliyomwajiri Ausi, na afisa utumishi wao akaja Songea kuzungumza. Ni mama mmoja mtulivu, mwenye miwani, aliyeandika kila kitu. Meneja akamkaribisha kwenye kikao cha wafanyakazi, nami nilikuwa mwakilishi wa mafundi. Kwa mara ya kwanza pande zote mbili zilikuwa meza moja, na Ausi amekaa benchi la nyuma karibu na mlango.

Nilikuwa na woga. Kama ningekosea kusema, wangeondoka wamekasirika, na mwaka ungekuwa umekwenda. Niliposimama nilisahau hotuba yote niliyoitunga, nikauliza swali moja tu.

"Naomba kujua, fundi Ausi ni wa nani?"

Meneja akajibu kwa upole, "Bwana Gama, unajua. Huyu tumemwazima."

Yule mama afisa akatikisa kichwa kukubali. "Ndiyo. Tumemwazima."

Watu wakaanza kucheka, benchi moja baada ya jingine. Ninyi mliosoma mnajua Kiswahili chetu kilivyo. Anayetoa anasema nimeazima, anayepokea naye anasema nimeazima. Wote wawili walikuwa wamesema neno lile lile, kila mmoja akimsukuma Ausi upande wa mwenzake. Meneja mwenyewe alicheka. Halafu kicheko kikaisha, na swali lilikuwa bado limesimama.

Nikaona niendelee kabla sijapoteza nguvu. Nilisema kwetu ukiazima sufuria ya jirani, huirudishi tupu. Unatia hata viazi viwili, hata unga kidogo, maana chombo cha mtu kimekufanyia kazi. Na jirani naye akiona sufuria imekaa sana, huja kuiulizia, kwa sababu ni yake. Huyu mtu hakuna anayemuulizia na hakuna anayemtilia kitu. Niliona vichwa vikitikisika, nikajiona nimesema vizuri.

Ndipo Ausi akasimama kule nyuma. Alikuwa hajawahi kusema neno kwenye kikao.

"Namshukuru mtani wangu," alisema. "Ila sufuria haijui kama imeazimwa. Mimi najua. Kila asubuhi nikivaa hizi gambuti najua."

Akakaa.

Hakuna aliyetikisa kichwa. Yule mama afisa alivua miwani, akaifuta kwa muda, akamuuliza meneja, bila kupandisha sauti, kama anaweza kumpima Ausi kwa kazi yote aliyoifanya hapa na kuweka saini yake. Meneja akasema anaweza, ila hajawahi kuombwa. Mama akasema naye hajawahi kuomba kwa sababu hakujua kama kuna wa kumwomba. Wakatazamana. Kumbe ilihitaji hilo tu, wakae meza moja na mtu awaulize.

Hata hivyo msidhani kila kitu kilinyooka. Ombi likaenda, tukangoja. Meneja alihamishwa katikati, nikamfuata mpya nikamweleza upya. Kila wiki nilipita masjala kuuliza, mpaka dada wa pale akinitazama anatikisa kichwa kwamba bado kabla sijamsalimia. Ausi hakuuliza hata siku moja. Alikuwa anaswali zaidi, na anakohoa. Nilipomwambia tukaulizie pamoja, alisema Mungu hana masjala.

Jibu lilipofika alikuwa amebakiza muda mfupi sana kazini. Alipanda daraja moja. Mama afisa aliniambia kwenye simu, kwa uchungu wa kweli, kwamba ngazi nyingine alizostahili zilikuwa zimepita na taratibu hazimruhusu kumrusha mtu. Nilikwenda Mfaranyaki kumpa habari nikiwa nimebana furaha na hasira mfuko mmoja. Nilimkuta anamsaidia mkewe kukoroga unga wa vitumbua. Alisikiliza, akasema alhamdulillahi, akaendelea kukoroga. Halafu akacheka.

"Mtani, wamenipandisha basi linapoingia stendi."

"Ungekataa?"

"Nikatae kwa nini? Nimepanda, si nimepanda? Mama Mwajuma, mpe bosi wangu kitumbua. Leo tunakaribia kulingana."

Nilikula vitumbua vingi siku ile kwa sababu sikutaka kuzungumza.

Alistaafu, akarudi Tunduru kwenye mikorosho ya baba yake, na kifua kikamfuata huko. Habari ya kifo aliniletea binti yake Mwajuma kwa simu. Nilifika nikawahi mazishi. Nilishika udongo, nikatia, nikarudi nyuma. Sikulia. Mimi si mtu wa kulia mbele za watu.

Tuliporudi nyumbani kutoka makaburini, tukakaa kwenye mikeka, watu wakaanza kutoa salamu za rambirambi. Akasimama kijana mmoja kutoka ofisi iliyomwajiri, ambaye hakuwahi hata kumwona Ausi, akasema wamempoteza mtumishi wao hodari. Akakaa. Akasimama mwakilishi kutoka kwetu Songea, naye akasema tumempoteza mtumishi wetu hodari. Walisema kwa heshima, na hawakukosea. Lakini mimi nilisikia. Akiwa hai kila mmoja alisema ni wa mwenzake, sasa amelala udongoni kila mmoja anasema ni wake.

Watu wakanigeukia. Msibani kwa Wayao, Mngoni hana ruhusa ya kunyamaza. Mtani ndiye anayewavusha wenye msiba, asipochekesha amewatupa. Mama Mwajuma alikuwa amekaa kwenye kundi la wanawake, ameinamisha uso. Nikasimama.

"Nimefurahi kuona wenye mali wamejitokeza," nikasema. "Nimesikia ofisi hii inasema ni wake, na ofisi ile inasema ni wake. Basi wote wawili nirudishieni, maana huyu ni mateka wa babu yangu. Mimi ndiye niliyewaazima."

Wazee walicheka mpaka kofia zikatikisika. Mama Mwajuma aliinua uso akacheka, kicheko kikubwa, na katikati yake kikageuka kilio, wanawake wakamshika. Wale wawakilishi wawili walicheka kidogo, wakainamisha vichwa. Nadhani walielewa. Sijui.

Kabla sijaondoka, Mama Mwajuma alinipa nondo ya Ausi, ile ya kusikilizia, imelainika upande mmoja kwa kubanwa nyuma ya sikio lake. Ilikuwa nyuma ya mlango wangu Jumamosi ulipokuja. Niliitazama ukinywa chai, nikataka kukwambia, "Nakuazima nondo hii uende nayo Madaba." Neno likanikwama. Sikuweza kulisema mbele ya mtoto anayecheka.

Kwa hiyo nakuandikia, nawe wasomee wenzako. Kabla hujapanda gari Jumatatu, waulize wote wawili, anayekutoa na anayekupokea: nani atanipima? Uliza wakiwa pamoja, usiulize mmoja mmoja. Mwaka ukiisha, uliza tena. Wakikwambia wewe ni wa kuazima, uliza kwa upole nani kaazima kwa kutoa na nani kaazima kwa kupokea, na usikae mpaka ujibiwe. Watakuona msumbufu. Ausi hakuwa msumbufu.

Nondo anakuletea mjukuu wangu pamoja na karatasi hizi. Usinirudishie. Ni yako.